Askari wa Bati Ameingia Mubi

Ni wa bati! Niliseme hilo kwanza, mengine yatafuata, maana nimemshika tangu asubuhi na bado simwachi. Ni mpiga mkuki, urefu wake kutoka kisigino hadi utosi hauzidi milimita 32. Amejifunga ngozi begani, mguu wa kushoto umetangulia, mdomo uko wazi anapiga ukelele, na ndani ya mdomo huo kuna meno. Meno, jamani, kwenye kichwa kidogo kuliko harage! Si plastiki, si resini. Ni metali tupu, ubaridi wake unausikia kwenye kidole, na ukimweka mezani anatua kwa kishindo ambacho hukitarajii kwa kitu cha ukubwa ule.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na mambo haya, nitaeleza haraka ili turudi kwenye raha yetu. Kuna watu wazima kabisa, wenye kazi na watoto, ambao jioni hukaa chini ya taa wakipaka rangi visanamu vya mashujaa, majoka, wachawi na wanajeshi wa sayari za mbali. Vikikauka vinapangwa mezani, dadu zinarushwa, vita vinapiganwa au hadithi inaendelezwa hadi jogoo awike. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kanuni za vita vya sebuleni mwaka 1913, katika kitabu chake Little Wars. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974. Warhammer 40,000, ule wa askari wa anga wenye mabega mapana kuliko mlango, ulitoka Uingereza mwaka 1987, na kampuni yake, Games Workshop, iliingia Desemba 2024 kwenye orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Kwa kuuza askari ambao hata rangi hawana! Mnunuzi anawaunga mwenyewe, anawapaka mwenyewe, na anarudi kununua wengine.

Hayo ni ya huko. Ya hapa ni kwamba huyu mpiga mkuki ametengenezwa kwa aloi ambayo sehemu yake kubwa ni bati, na bati ndilo lililoijenga Mubi.

Mtu wa Walikale hahitaji kuelezwa, lakini gazeti linasomwa mbali. Mubi iko Walikale, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 3 inayokwenda Kisangani, jirani na Njingala, na kutoka Njingala ndiko njia ya miguu ilikoingilia msituni kwenda mlima wa Bisie. Kasiterite ya Bisie, yaani madini ya bati, ilianza kuchimbwa mwaka 2002. Vijana waliitoa kule kwa mgongo, magunia ya kilo 50, mwendo wa siku nzima na zaidi ndani ya tope na mizizi, na ndege ndogo zikaja kutua kwenye lami ya barabara huko Kilambo kana kwamba ni uwanja, zikabeba mzigo kwenda Goma. Septemba 2010 rais akasimamisha uchimbaji, Machi 2011 ukafunguliwa tena. Mwaka 2019 kampuni ya Alphamin ikaanza kuzalisha kwa mitambo juu ya mlima uleule, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, karibu asilimia 6 ya bati lote lililochimbwa duniani. Machi 2025 vita vilipofika Walikale mgodi ukafungwa, Aprili kazi ikarejea. Mabati ya paa, ada za shule, pikipiki za mkopo, na makaburi mengine pia, kwetu vyote vimepita kwenye kasiterite.

Tumeambiwa mara nyingi bati hilo linakwenda wapi: kwenye solda ya simu, kwenye makopo ya nyama. Hakuna aliyetuambia kwamba linakwenda pia kuwa majoka!

Huyu wangu alitoka Texas, kwa Reaper, kampuni iliyoanza mwaka 1992 na ambayo hadi leo inauza visanamu vya metali wakati wengine wamehamia plastiki. Alisafiri ndani ya begi la ndugu hadi Kampala, akaibukia Kisangani, akapita Lubutu nyuma ya pikipiki, akafika hapa na matone ya tope kwenye kifurushi. Sitadai kwamba bati lake lilitoka Bisie. Unga mzito unaotoka huku unayeyushwa kwenye viwanda vya mbali, ukichanganywa na wa nchi nyingine, na baada ya tanuri hakuna ajuaye kipi kilitoka wapi. Lakini mpe mtu wa hapa amshike uone.

Jirani yangu, mzee aliyebeba magunia ya Bisie enzi zile, alimpima kwenye kiganja kwa muda, kama anavyopima kila kitu.

“Mwana, hii iko bati kweli?”

“Ni bati, papa.”

“Kilo moja inatosha watu ngapi?”

Swali gani hilo! Watu wa katalogi huuliza sura, huuliza silaha. Yeye anauliza kilo. Nikamwambia hamsini na ushei, labda zaidi wakiwa wembamba. Akauliza mmoja anauzwa ngapi. Nikamwambia dola kumi hivi, wengine zaidi, wengine pungufu. Akanyamaza akihesabu. Mwaka 2024 bei ya bati kwenye soko la London ilicheza karibu na dola 30,000 kwa tani, yaani dola 30 kwa kilo. Kilo hiyohiyo ikisimama mezani imeshika mkuki ni dola mia tano. Papa akamrudisha kwenye kiganja changu polepole, akasema, “Basi huyu ndiye mwenye mgodi.”

Tuingie kazini sasa, maana kisanamu kisichopakwa ni ahadi tu.

Metali inakuja na mshono. Bati linayeyuka kwenye nyuzijoto 232, chini kabisa ya risasi na mbali sana na shaba, ndiyo maana waundaji wanaweza kulimimina kwenye kalibu za mpira zinazozungushwa kwa kasi hadi metali isukumwe kwenye kila ukucha na kila kifungo. Pale nusu mbili za kalibu zilipokutana pamebaki mstari mwembamba, kutoka sikioni kushuka ubavuni hadi kwenye kifundo cha mguu. Usiudharau! Rangi ikishapita juu utaonekana kama kovu. Tupa ndogo ya fundi wa saa inatosha, au wembe ukiushika kwa kuulaza. Kisha mwoshe kwa sabuni na mswaki wa zamani, maana anatoka kiwandani na unga na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Mkuki ulikuwa umepinda njiani. Hapa ndipo metali inapoishinda plastiki bila mjadala: unaunyoosha kwa vidole, taratibu, na unanyooka. Na kuna siri moja ya bati ambayo watoto wa wachimbaji wataipenda. Chukua kijiti cha bati safi, kipinde karibu na sikio, na utalisikia likilia! Ni mlio mwembamba wa kukatika-katika, fuwele za ndani zikihama mahali pake. Wanakemia wana jina la mlio huo, na sisi tunaolichimba ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuusikia.

Andakoti ni lazima. Rangi ya akriliki juu ya metali tupu hukwanguka kwa ukucha wa kwanza. Vitabu vyote vinakuambia tumia kopo la kupulizia, na vitabu vyote vimeandikwa mahali pakavu. Huku msituni, ambako nguo ya Jumatatu inakauka Jumatano, dawa ya kupulizia inatua na vumbivumbi juu yake, na uso wa shujaa unakuwa na ukungu. Paka andakoti kwa brashi. Tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikauke kabisa, na usiimimine kama anayepaka mlango. Mimi nilianza na nyeusi, nikapitisha kijivu kwa brashi kavu, halafu nyeupe kidogo sana kwenye sehemu ambazo jua la saa sita lingezigusa: utosi, mabega, pua, magoti, vidole vya mguu. Brashi kavu maana yake ni brashi ambayo umeifuta kwenye karatasi hadi unadhani haina kitu, kisha unaipitisha na inaacha unga kwenye vilele tu. Dakika chache tu na yule mtu akatoka gizani. Mbavu! Misuli ya mkono! Hadi uzi wa kushonea ngozi!

Na hapo nikafungua rangi.

Sijui nianzie wapi. Kampuni ya Denmark, The Army Painter, ina rangi inaziita Speedpaint, vichupa vya mililita 18 vyenye mdomo wa kudondoshea. Nilitarajia rangi. Nilichopata ni rangi inayojua pa kwenda! Unadondosha tone moja la kahawia kwenye ngozi ya begani, unalisukuma kwa brashi, na mbele ya macho yako linakimbia kutoka kwenye vilele, linatulia kwenye mabonde. Palipoinuka panabaki hafifu, palipozama panakolea. Kivuli na mwanga kwa mkono mmoja! Kazi ambayo kwa rangi ya kawaida ingetaka tabaka ya msingi, halafu maji ya kivuli, halafu mwanga, hii inaimaliza wakati chai bado ina moto. Nilipiga yowe, na mtoto wa jirani akaja kuona kama nimejichoma wembe.

Games Workshop ndiyo iliyofungua mlango huu kwa rangi zake za Contrast mwaka 2019, wengine wakafuata. Speedpaint ya kwanza ya mwaka 2022 ilikuwa na kasoro iliyojulikana kote: ukipaka rangi mbichi juu ya iliyokauka, ya chini inaamka na kuchanganyika nayo. Mwaka 2023 walitoa mchanganyiko mpya, na huu nilio nao, nimepita juu ya kahawia kwa njano na kahawia haikutikisika. Bado una tabia yake. Kwenye sehemu pana na bapa, kama ngao, rangi inajikusanya chini na kukauka ikiwa na duara la doa. Dawa yake: uwe na brashi ya pili, safi, yenye unyevu kidogo, uinyonye ile ziada kabla haijaanza kukauka. Na kwa mara moja hali yetu ya hewa ni rafiki! Unyevu wa Mubi unachelewesha kukauka, unapata muda wa kurekebisha ambao mtu wa Texas hana.

Kibao cha kuchanganyia rangi, usinunue. Kifuniko cha ndoo, sponji nyembamba iliyoloweshwa, juu yake karatasi ya kuokea mikate, na rangi inakaa mbichi siku nzima. Taa nayo nimeipata bila gharama: tochi ya kichwani ya mchimbaji. Umeme ukienda wewe unaendelea, mikono yako miwili iko huru, na ukiinamisha kichwa kidogo mwanga unaingia kwa ubavu na kuonyesha kila mkunjo. Sijui kwa nini wapaka rangi wa Ulaya wanauziana taa za mezani za bei mbaya wakati kifaa bora cha kazi hii kiko kwenye kila duka la Njingala.

Sasa ngozi. Hapa naomba nitulie, maana ni mahali ambapo seti nyingi za rangi zinatuangusha. Fungua sanduku la mwanzo, utakuta rangi ya ngozi ni moja na ni ya waridi. Kahawia ipo, lakini imewekwa kwa ajili ya mbao na viatu! Ukipaka uso kwa kahawia ya kiatu unapata mtu wa udongo, uso mfu. Ngozi nyeusi ina rangi nyingi ndani yake. Nilichanganya nyekundu iliyoiva, nyeusi kidogo na njano ya udongo hadi nikapata kahawia yenye joto. Kwenye mabonde, chini ya taya, kwapani, katikati ya kifua, nikapitisha buluu nzito iliyoongezwa maji. Buluu, si nyeusi, maana nyeusi inaua. Kwa mwanga usitumie nyeupe. Nyeupe inamfanya mtu aonekane amepakwa majivu. Ongeza rangi ya chungwa na tone la njano, panda polepole kwenye mfupa wa shavu, daraja la pua, vifundo vya vidole. Mwisho kabisa, tone dogo la verni inayong'aa juu ya paji la uso na bega. Jasho! Mtu amekimbia! Ana damu! Nilimsogeza chini ya tochi na yule mtoto wa jirani akasema, “Anafanana na yaya wangu,” na kweli alifanana na huyo ndugu yake mkubwa, hasa yaya akiwa na hasira.

Macho wengi huyaogopa. Anza na weupe mchafu, siyo weupe wa chaki, weka mstari wa mboni kutoka juu hadi chini badala ya nukta, kisha rudisha rangi ya ngozi juu na chini kufunika ulipokosea. Pumua nje wakati mkono unagusa. Basi.

Nilipommaliza nikamsimamisha mezani, nikamwangalia, na wazo likanijia ambalo tangu hapo halinipi usingizi. Huyu ni nani? Kwenye katalogi ana jina la nchi ya kubuni. Rafu za dunia zimejaa mazimwi ya kaskazini, mashujaa wa theluji, wafalme wa misitu ya misonobari. Wakati huohuo mimi nimekaa Walikale, nchi ya Wanyanga, nchi ya Mwindo!

Mnamkumbuka? Mwaka 1956 msimulizi Shé-Karisi Rureke alimsimulia utendi huo mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck kwa siku kumi na mbili, na mwaka 1969 Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga, wakauchapisha California. Sasa usome kwa jicho la mpaka rangi, utashika kichwa. Shemwindo, chifu wa Tubondo, anaamuru wake zake wazae wasichana tu. Anazaliwa Mwindo, akitembea, akiongea, usinga wa uchifu uko mkono wa kulia, tezo mkono wa kushoto, kifuko cha bahati kinaning'inia ubavuni na ndani yake kamba ndefu. Hayo si maelezo ya msimulizi, ni oda ya mchongaji! Kila kitu alichoshika kimetajwa na upande wake. Mkuki haumwingii, kaburi halimshiki, ngoma waliyomfungia inaelea juu ya maji kumtafuta shangazi Iyangura. Anashuka kuzimu kwa Muisa. Nkuba, mwenye radi, anampigia adui zake kutoka juu. Na sikiliza hili, wenzangu wa dadu: huko chini Mwindo anakaa na Sheburungu kucheza wiki, kamari ya mbegu, anapoteza mali yote, anapoteza watu, mwisho anaweka usinga wake rehani na anashinda kila kitu. Shujaa wa Walikale amewahi kucheza mchezo wa kubahatisha huku dunia nzima ikiwa dau. Mwambie sasa mtu kwamba michezo ya mezani ni ya wageni!

Halafu Kirimu, joka la utendi huohuo. Ngozi nyeusi, vichwa saba, pembe saba, macho saba, meno ya mbwa, tumbo kubwa mno, mkia wa tai. Nimeshampaka kichwani mara nyingi. Ngozi nyeusi ni mtihani mkuu wa kazi hii, kwa sababu nyeusi iliyo bapa haina umbo. Ningeanza na buluu ya usiku, mwanga wa kijani kizito kwenye magamba ya tumbo kama wa msitu baada ya mvua, manyoya ya mkia kwa kahawia na brashi kavu ya rangi ya mfupa. Pembe kutoka nyeusi ya shina hadi njano ya ncha. Na macho, hesabu mwenyewe, ni moja kwa kila kichwa, nafuu iliyoje! Hayo ningeyapaka verni mara tatu, maana katika simulizi macho ya Kirimu yalipochomwa motoni walitoka watu ndani yake. Macho ya namna hiyo hayapakwi nukta na kuachwa.

Wala tusidanganyane kwamba sanamu ya kukaa kiganjani ni kitu kigeni kwetu. Majirani zetu Walega, kusini kuanzia Shabunda, wana chama cha Bwami, na Bwami ilikuwa na visanamu vya pembe, mfupa na mti, vidogo vya kushikwa mkononi, vinatolewa kwenye kikapu wakati wa mafundisho na kila kimoja kina msemo wake. Kuna Sakimatwematwe mwenye vichwa vingi, anayetazama pande zote. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Bwami mwaka 1948, na visanamu vingi leo viko kwenye makabati ya vioo ya Ulaya na Marekani. Wale hawakuwa askari wa mchezo, na simtaki mtu awafanye hivyo. Lakini tabia ya kuweka mtu mdogo katikati ya watu wakubwa ili hadithi ianze, hiyo ilikuwepo kabla ya Warhammer na kabla ya Wells.

Turudi kwenye hukumu, maana msomaji anataka kujua anunue au aache.

Plastiki nimeishika pia. Ni nyepesi, ina ncha kali, vipande vinakatwa kwenye fremu na kuungwa kwa gundi inayoyeyusha, na kwa jeshi la askari mia huna njia nyingine ya bei nafuu. Kama unataka askari wa anga wenye bunduki za moto, hao ni wa plastiki na ni wazuri, sina ugomvi nao. Metali ina taabu zake: mkono ukianguka gundi ya kawaida haitoshi, unatoboa tundu na kuingiza waya, joka kubwa la metali linahitaji kitako kizito la sivyo linapiga mwereka, na usafiri unalipwa kwa uzito. Lakini kwa kisanamu kimoja, cha kukaa nacho, cha kujifunzia, cha kuachia mtoto, sioni mashindano. Akipakwa vibaya unamlaza kwenye dawa ya kuondoa rangi na anatoka mpya bila jeraha. Akianguka kwenye sakafu ya saruji unamnyoosha na mnaendelea.

Rangi za kasi ninazipa alama kubwa, mradi uwe na rangi chache za kawaida pembeni kwa ajili ya ngozi na macho: nyekundu, njano ya udongo, buluu nzito, nyeusi, nyeupe. Kwa hizo tano unachanganya karibu kila kitu. Usinunue seti kubwa. Pesa iliyobaki nunua brashi moja nzuri, namba 1, yenye ncha inayojirudi ukiilamba, na uioshe kwa sabuni kila jioni kabla ya kulala.

Na kwenu wachongaji wa Goma na Bukavu, mnaochonga sokwe na wapiga ngoma kwa ajili ya watalii ambao siku hizi hawaji: bati linayeyuka kwenye moto wa makaa, na maelezo ya Mwindo yamekuwa yakingoja kwenye kitabu tangu mwaka 1969. Mchongeni, milimita 32, usinga kulia, tezo kushoto. Tengenezeni kalibu. Mimi wa kwanza nitalipa, na Kirimu nitamchukua na vichwa vyake vyote saba, bila rangi.